Muziki wa Wakorea ndani ya nyumba yetu

Mara mingi wazazi wakiandika juu ya muziki wa vijana, wanaandika kwa kulalamika. Mimi pia ni mzazi, niko na watoto watano na wajukuu wawili, na malalamiko sikosi. Mengine mtayakuta hapa chini. Lakini leo nataka kueleza jambo lingine: namna gani fundi wa mashini wa miaka 58, mtu wa Likasi, ambaye kila siku ya posho mangaribi anafundisha sauti nne kwa korali ya vijana, alifika kupenda muziki wa Korea ya Kusini. Ile wanayoita K-pop. Vijana wa korali wakisikia wanacheka. Wacheke tu.

Kwanza mjue masikio yangu yalikomalia wapi. Likasi ya zamani iliitwa Jadotville, na ni hapo, mwaka 1952, Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashini ya kunasa sauti, alimkuta kijana mmoja wa Bunkeya mwenye gitaa, Mwenda Jean-Bosco. Sauti zile alizozinasa zilifika mbali. Wapiga gitaa wa Ulaya walikaa chini kujifunza kumwiga, sababu Mwenda, kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada, alikuwa anafanya kazi ya watu watatu. Baba yangu alimwona kwa macho yake. Mwenda alipokufa mwaka 1990, kwa ajali ya motokari kule Zambia, baba siku ile hakugusa bukari. Ndani ya nyumba kama hiyo mtoto anajifunza kwamba muziki ni mtu unayemwona anafanya kazi. Vidole vinatembea, jasho linatoka, kamba inakatika, anaifunga tena, anaendelea.

Basi mnaweza kuelewa niliwaza nini siku ya kwanza nilipoona, kwenye simu ya binti yangu wa tatu, vijana wanaume saba wanaimba na hakuna hata mmoja aliyeshika chombo.

“Gitaa iko wapi?” nikauliza.

“Baba, hakuna gitaa. Angalia miguu.”

Miguu! Mama yangu mzazi, ambaye wakati ule alikuwa angali hai, aliinama juu ya simu, akaangalia zile nywele za rangi ya waridi na midomo iliyopakwa, akauliza: “Bale ni banaume ao ni banamuke?” Na mama watoto akajibu kutoka jikoni: “Acha, ni mambo ya Bachine.” Hapa kwetu, tangu kampuni za kutoka China ziingie kwenye migodi, kwa watu wengi mgeni yeyote wa Asia ni Mchina. Binti alikasirika. “Habako Bachine, beko Bakorea!” Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Sikupenda. Sikupenda namna wimbo mmoja unageuka mara nne: unaanza polepole kama wa kulaza mtoto, halafu mtu anaongea haraka kama mwuza samaki, halafu ngoma inaanguka kama mfuko wa simenti, halafu wote wanapanda juu. Sikupenda maneno ya Kiingereza yaliyotupwa katikati kama mawe kwenye mchele. Sikupenda dansi ile iliyonyooka sana, miguu kumi na minne inayokanyaga kwa dakika moja, kama askari. Kwetu mtu akicheza, hata akifuata wenzake, anabaki na namna yake ya kutikisa bega. Hayo mengine mpaka leo siyapendi sana.

Zile nyimbo ziliingia kwetu kwa njia ya mwipwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Alikuwa kijana wa miaka 22, anachimba na wenzake kwenye mashimo, na feza yake ya kwanza nzuri alinunua simu kubwa. Akija kutusalimia, alikuwa anaweka simu juu ya dirisha na kucheza zile dansi katika kiwanja, na viatu vyake vya bote miguuni, vumbi linaruka, watoto wa kartieri wote wanakusanyika. Binti yangu alikuwa anamwita Yaya na kumfuata kila pahali. Alimpa kadi ndogo ya simu yenye nyimbo mingi ndani.

Mwaka 2019 udongo ulimporomokea. Wasomaji wa maeneo yetu, hamhitaji nieleze zaidi.

Kwenye matanga binti yangu, miaka 14, alikaa nyuma ya nyumba na ekuteri za masikio. Hakulia. Shangazi zake walipita, wakamwona, wakaja kuniambia: “Kaka, mtoto wako anasikiliza miziki na Yaya yake hajazikwa.” Sikuwajibu kitu, na yeye pia sikumwambia kitu. Kiisha mazishi aliacha korali. Alikuwa soprano mzuri, si kwa sababu ni wangu. “Sina sauti, Baba,” alisema, na njo maneno yote niliyopata kwake kwa muda wa miezi. Mezani alijibu ndiyo na hapana. Kutoka chumbani kwake, usiku, nilisikia ile muziki kidogo kidogo, kama panya ndani ya ukuta.

Halafu 2020, korona. Masomo yalifungwa, makanisa yalifungwa, korali haikukutana tena. Mtu aliyezoea kusikia vijana thelathini kila juma, anabaki na kuku wake. Mangaribi umeme ulikuwa unakatika, tulikuwa tunakaa inje kwenye mbabula, na usiku mmoja niliomba binti aniangazie kwa simu nitafute miwani yangu. Miwani ilikuwa juu ya kaye yake. Kaye ilikuwa wazi.

Nilifikiri ni hesabu. Ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa mistari ya kusimama, sehemu saba, kila moja na rangi yake ya biki, na ndani kulikuwa maneno, nambari za dakika na vishale vinavyotoka sehemu moja kwenda nyingine. “Hii ni nini?”

“Ni namna wanagawana,” akasema. “Nani anaanza, nani anapokea. Huyu wa buluu anaimba juu, huyu wa kijani anaimba chini yake lakini si kila mara.”

Wapendwa, mimi nimeandika karatasi kama hizo kwa miaka 27. Soprano hapa, alto anaingia hapa, tenori nyamaza, basi shikilia. Huyu mtoto, bila kufundishwa na mtu, alikuwa amekaa peke yake na ekuteri na kutenganisha sauti za wimbo mzima, moja moja, kama mtu anayetenganisha nyuzi za kamba. Nikasema: “Weka nisikie.” Tulisikia wimbo ule mmoja labda mara kumi, mpaka simu ikazimika. Aliongea saa nzima. Mama watoto alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi, hakusema kitu, akarudi.

Sasa niwaeleze nilichosikia, sababu vijana wengi wanapenda bila kujua wanapenda nini, na wazazi vilevile wanachukia bila kujua.

Katika korali yetu soprano wanaimba pamoja, basi wanaimba pamoja, na sauti ya mtu mmoja inapotea ndani ya wenzake. Ni hivyo tunavyotaka. Kule wanafanya kinyume. Wimbo ni wa dakika tatu na nusu, na unagawanywa vipande vidogo, sekunde nane kwa huyu, kumi na mbili kwa yule, na kila kipande kimekatwa kwa kipimo cha sauti ya mwenyewe. Mwenye pumzi ndefu anapewa pahali pa kupanda. Mwenye sauti ya chini anapewa mlango wa kuingilia. Asiyeimba sana lakini ana ulimi wa haraka anapewa kuongea. Na nyuma yao, ukisikiliza kwa ekuteri nzuri, kuko sauti zingine zimepangwa kwa tabaka, ndogo sana, ambazo bila hizo wimbo ungekuwa mwepesi kama debe tupu. Ile kugeuka-geuka iliyokuwa inanichosha ilikuwa na kazi yake: kila mara wimbo ukigeuka, mtu mwingine anapokea mzigo. Na wanapokeana wakiruka! Mimi vijana wangu nikiwaambia wapige hatua mbili kushoto wanapoteza noti.

Nikauliza: “Wanafundishwa wapi?” Hapo njo binti alifungua mdomo kweli, na mengine nilitafuta mwenyewe baadaye.

Muziki huu si wa jana. Wengi wanaanza hesabu mwaka 1992, wakati Seo Taiji na wenzake wawili walipotokea katika shindano kwenye televizio ya Korea. Waamuzi waliwapa alama za chini. Vijana waliokuwa nyumbani walisikia kitu kingine, na wimbo wao ukashika nchi nzima. Niliipenda habari hii, sababu ninawaona wale waamuzi kabisa: ni watu wa umri wangu, na ninajua walikuwa wanauliza gitaa iko wapi. Halafu wakaja wenye kampuni. Lee Soo-man, ambaye naye alikuwa mwimbaji, alianzisha SM mwaka 1995, na mwaka 1996 akatoa vijana watano walioitwa H.O.T. Kampuni zingine, YG na JYP, zikafuata. Mwisho wa 1997 uchumi wa Korea ulianguka vibaya. Taifa likakopa kwa FMI, na mwanzo wa 1998 watu walipanga mistari kutoa pete zao za ndoa na mikufu ya watoto, ili serikali ipate zahabu ya kusaidia kulipa deni. Hapa kwetu zahabu inatoka chini ya udongo. Kule ilitoka kwenye vidole. Ni katika miaka ileile serikali yao ilianza kusema kwamba filamu na nyimbo ni bidhaa kama motokari, na mwaka 1999 wakatunga sheria ya kusaidia kazi hiyo.

Na kuko jambo lingine ambalo lilinigusa mimi kama mtoto wa kampu. Ile nchi ni ya wachimbaji pia. Kati ya 1963 na 1977 wanaume karibu 8,000 walitoka Korea kwenda kuchimba makaa ya mawe katika Ujerumani ya Magharibi, na wanawake zaidi ya 10,000 walikwenda kuwa wauguzi kule. Walituma mishahara nyumbani. Kwa hiyo kati ya wale vijana wenye nywele za rangi, bila shaka wako wanaojua habari ya babu aliyeshuka chini na taa kichwani. (Nao hawajui kwamba simu zinazowabeba dunia nzima ziko na kobalti ndani ya betri, na kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu Kongo. Hiyo ni habari ya ukurasa mwingine.)

Kuhusu kufundishwa: mtoto anachaguliwa akiwa na miaka 11, 12, 13. Asubuhi masomo, kiisha masomo sauti, dansi, lugha za kigeni, mpaka usiku. Wengi wanafundishwa miaka na hawafiki mbele ya watu hata siku moja. Jihyo, wa kikundi cha TWICE, alifanya miaka 10 ya mazoezi mbele ya kutokea mwaka 2015. Wale saba wa binti yangu wanaitwa BTS. Walitokea tarehe 13 Juni 2013, kutoka kampuni ndogo ambayo wakati ule haikuwa na jina kubwa, na mdogo wao, Jungkook, alikuwa na miaka 15. Niliposikia hayo nilielewa ile miguu kumi na minne. Haikuwa ya askari. Ni ya watu waliorudia kitu kimoja mpaka mwili unakijua bila kichwa, kama vidole vya Mwenda. Kumbe kazi ilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza, ila ilikuwa chini, na mimi ninaangaliaga mikono.

Usiku mwingine, nafikiri ni mwezi wa tano wa mwaka ule wa korona, binti aliniambia: “Baba, nitakuwekea wimbo wa Yaya.” Wimbo unaitwa “Spring Day”, ni wa BTS, ulitoka Februari 2017. Sauti ya chini inaanza, karibu kuongea, mtu anayesema kwamba anatamani kumwona mwenzake na hawezi. Halafu zile sauti za juu zinapokea, zinapanda polepole, hazilii, na mwishoni zinashuka. Habari yake ni baridi kubwa na kungojea majira ya maua. Katika picha zake kuko treni, theluji, na kijana aliyeshika viatu kando ya bahari.

Mwezi wa nne wa 2014, tarehe 16, meli iliyoitwa Sewol ilizama Korea ikielekea kisiwa cha Jeju. Watu 304 walikufa, na 250 kati yao walikuwa wanafunzi wa shule moja ya mji wa Ansan waliokuwa katika safari ya masomo. Wakorea wengi wakisikia “Spring Day” wanasikia wale watoto, na wakiona vile viatu wanajua ni vya nani. Wimbo huo ulibaki miaka na miaka kati ya nyimbo zinazosikilizwa sana kule.

Binti alinieleza haya polepole, akichokoa makala kwa kijiti. Halafu akasema: “Kwenye matanga nilikuwa ninausikiliza huu. Ni yeye aliniwekea.” Alilia hapo, karibu mwaka mzima kiisha mazishi, na mimi nililia pamoja naye. Kesho yake nilikwenda kwa dada yangu na ile simu. Dada hajui hata neno moja la Kikorea na hapendi kelele. Alisikia mpaka mwisho, akauliza tu: “Alikuwa anaupenda huu?” Akaomba tena.

Watu wananiambia: “Maestro, unapendaje wimbo usioelewa maneno?” Hilo swali linanishangaza, hasa likitoka kwa watu wa kanisa. Wazee wetu waliimba Kilatini maisha yao yote. Na nani alikuwa anaelewa maneno kule Ulaya, mwaka 1958, wakati vijana wa Kamina walipokwenda na Padri Guido Haazen kuimba Missa Luba? Maneno yalikuwa ya misa, sawa, lakini sauti zilikuwa za kwetu, ngoma za kwetu, na wazungu walinunua ile sahani kwa wingi na kuiweka hata ndani ya filamu. Hawakuomba kwanza kueleweshwa Kiluba. Walisikia watoto walioimba vizuri. Mimi nafanya kama wao.

Tena maneno yenyewe si ya kukimbia. Mfalme Sejong aliwatolea Wakorea alfabeti yao mwaka 1446, ili watu wa kawaida wasome, sababu maandishi ya Kichina yalikuwa ya wenye elimu tu. Leo ziko herufi 24. Binti alizijifunza kwa majuma mawili, peke yake, na akaandika jina langu kwa makala juu ya mlango wa jikoni. Mama watoto aliliacha. Liko hapo mpaka leo, limefifia kidogo.

Sasa yale malalamiko niliyowaahidi.

Kazi ile inavunja watu. Mwaka 2009 vijana watatu kati ya watano wa kikundi TVXQ walikwenda mahakamani juu ya mikataba iliyowafunga miaka 13. Mwaka uleule serikali iliweka mkataba wa mfano usiopita miaka 7. Lakini mkataba haulindi moyo. Kim Jong-hyun wa SHINee alikufa Desemba 2017, miaka 27. Sulli alikufa Oktoba 2019, miaka 25, na rafiki yake Goo Hara mwezi uliofuata, miaka 28. Hao wasichana wawili walitukanwa kwenye intaneti kwa miaka na watu wasiowajua. Niliongea na binti yangu juu ya vifo hivyo waziwazi, bila kufunika neno, sababu alikuwa amekaa mwaka mzima bila kusema, na nilikuwa na woga wangu. Alinijibu kuliko nilivyotazamia. Alisema kwamba wenye kupenda muziki huu duniani wanaandikiana kuuliza kama mwenzao amelala, kama amekula. Nilimwomba anionyeshe. Ni kweli, wanaulizana.

Feza pia. Sahani moja inatolewa kwa maganda matatu, manne, na ndani ya kila ganda kuko foto ndogo ya mmoja wao, hujui utapata ya nani, basi watoto wa nchi tajiri wananunua tatu, nne, tano. Hiyo kwangu ni kamari, na nimemwambia. Hapa Likasi shukrani, haifiki. Kinachofika ni tishati zilizopigwa foto mbaya mpaka vijana saba wanafanana. Na ule mchanganyiko wa Kiingereza bado unanikwaruza. “Dynamite”, ambao Agosti 2020 uliwapeleka mbele ya nyimbo zote za Marekani, ni Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, na ni wimbo wao ninaoupenda kidogo kuliko yote. Miezi mitatu baadaye walifika tena pahali palepale na “Life Goes On”, karibu wote kwa Kikorea. Huo ndiyo.

Kama mzazi fulani anafikiri kwamba ni nyimbo za mapenzi na rangi ya midomo tu, nitamwambia habari ya wasichana wa Girls' Generation. Mwaka 2007 walitoa “Into the New World”, wimbo wa watoto wa shule kabisa, mtamu kama peremende. Mwaka 2016 wanafunzi wanawake wa chuo kikuu cha Ewha, Seoul, walikaa ndani ya jengo kukataa mpango wa wakubwa wa chuo, na polisi walipokuja kuwatoa, walishikana mikono na kuimba wimbo huo. Tena, tarehe 3 Desemba 2024 usiku, rais Yoon Suk-yeol alitangaza sheria ya kijeshi. Wabunge waliikataa usiku uleule. Siku zilizofuata watu walijaa barabarani kwenye baridi, na vijana wanawake walikuja na zile taa za mkononi ambazo kila kikundi kina yake, za kupungia kwenye tamasha, wakaimba nyimbo zao za K-pop na kuwafundisha wazee waliosimama karibu. Tarehe 14 bunge lilimsimamisha rais, na tarehe 4 Aprili 2025 mahakama ya katiba ilimwondoa. Sisemi nyimbo ndizo zilizomwondoa. Ninasema wazee wale walijifunza nyimbo za watoto wao kwa usiku mmoja, na mimi nilihitaji miezi.

Binti yangu sasa anasoma Lubumbashi, mwaka wa pili. Alirudi korali mwaka 2021, lakini alirudi alto. Sauti ilikuwa imeshuka, ao alitaka kukaa katikati, sikumwuliza. Vijana wangu nimewafundisha kitu kimoja kutoka kule: katika wimbo mmoja wa shangwe tumegawanya beti kwa vipande vifupi, kila mtu na sekunde zake, wanapokeana. Hatujaruka. Mzee mmoja wa kamati aliniuliza hiyo namna mpya imetoka wapi, nikamwambia ng'ambo, akaridhika.

Wale saba walikwenda kutumikia taifa kuanzia Desemba 2022, sababu kule kila mwanamume lazima atumike, na wa mwisho alitoka Juni 2025. Siku hiyo binti alinipigia simu alfajiri, nikafikiri kuna kifo. “Baba, Suga ametoka!” Mama watoto aliamka, akauliza nani amekufa, nikamwambia hapana, mmoja amerudi.

Katika mambo yao, mwenye kupenda kikundi lazima achague mmoja awe wake. Binti hakuniacha mpaka nilichagua. Nilichukua V, juu ya ile sauti ya chini, sababu korali yangu miaka hii inakosa basi. Mama watoto, ambaye hasikilizi, alichukua Jin, aliyemwona kwenye simu anakula, na alisema mtoto anayekula hivyo amelelewa vizuri. Binti amebaki na J-Hope. Alikuwa wa Yaya yake, juu ya miguu.